Mahali pa Uyoga pa Mjomba Ginter

Mjomba Ginter alichimba makaa ya mawe miaka ishirini na saba. Paa la mgodi lilimwangukia mara mbili asipate hata kikohozi. Aliyekuja kumlaza kitandani ni kupe, tena mdogo kuliko ufuta.

Alimkuta nyuma ya goti wakati anaoga. Badala ya kumng'oa kwa kibano, akampaka siagi alivyofundishwa na babu yake, akakaa kusubiri mdudu atoke kwa hiari.

"Mjomba, mimi nikipakwa siagi hivyo sitoki ng'o," nikamwambia.

"Nyamaza wewe. Chuo chenyewe umekiacha nusu."

Baada ya wiki mbili duara jekundu lilikuwa limetanda mguuni, upana wa kisahani, na mjomba anatetemeka kwa homa. Bibi Trudka, jirani yake wa bustanini, ndiye aliyemletea supu na kumfukuza kwenda zahanati. Daktari akasema ni ugonjwa wa Lyme, unatibika ukiwahiwa, akamwandikia vidonge. Nesi Dorota yeye akafungua ramani: kila anayeumwa na kupe aseme palipotokea, pawekwe bango.

"Uliumwa wapi, Bwana Ginter?"

"Nyuma ya goti."

"Mahali, bwana! Kwenye ramani!"

Mjomba akainamia ramani. Alikuwa anapajua vizuri sana. Nyuma ya lundo la mawe la mgodi uliofungwa, mibetula, miti ya magome meupe, imejiotea yenyewe, na chini yake kuna uyoga ambao hakuwahi kumwonyesha mtu. Kwetu Silesia mtu atakuonyesha kovu la upasuaji kabla hujaketi, lakini mahali pake pa uyoga atazikwa napo. Hata mkewe Hilda hapajui. Basi kidole kikatangatanga, kikatua kwenye bustani za wastaafu wa mgodi, ambako kila mmoja amepewa kipande chake.

"Hapa. Karibu na uzio wa Trudka."

Bibi Trudka ana miaka sabini na tisa na hafyeki nyasi za kona moja, kwa sababu kalunguyeye wake wanalala humo. Siku nne baadaye bango la manjano likasimama uzioni kwake: TAHADHARI, KUPE. Jumamosi mwenyekiti wa bustani, Pyka, mtu anayepima ua wa jirani kwa rula, akaitisha mkutano. Bustani yenye hatari, alisema, hunyang'anywa.

"Miaka thelathini na moja niko hapa," akasema Trudka, "na kupe pekee niliyemwona ni wewe, Pyka, ukija kunywa kahawa yangu."

Watu wakacheka, lakini Pyka alipoita kura mikono ikaanza kupanda. Trudka akamgeukia mjomba.

"Ginter, mdogo wangu, kweli uliumwa kwangu? Sema tu, nitafyeka leo hii."

Mjomba alitazama viatu vyake, kisha mikono iliyoko juu. Akasimama taratibu.

"Sikuumwa kwake. Nilidanganya."

"Sasa wapi?" akauliza Pyka.

"Nyuma ya lundo. Kwenye mibetula." Jasho lilikuwa linamtiririka. "Ukipita mnara wa maji uliobomoka."

Mikono ikashuka, vichwa vikainuka. Hakuna aliyekuwa anawaza kupe tena.

"Kumbe!" Hilda akafoka. "Miaka arobaini nakukaangia uyoga, nikiuliza umeutoa wapi unaniambia huku na huku!"

"Ukipita mnara, kushoto au kulia?" Pyka akauliza, kalamu mkononi. "Ni kwa ajili ya kumbukumbu za mkutano."

Jumatatu bango likahamishiwa kwenye mibetula. Jumapili iliyofuata mtaa mzima ulikuwa huko, na nesi Dorota angeliona lile kundi angelia kwa furaha: suruali zimechomekwa ndani ya soksi, mashati ya mikono mirefu, dawa ya wadudu inanuka hadi barabarani. Pyka alikuwa amezungushia vifundo vyake utepe wa kufungia maboksi. Trudka alikaa kwenye kigoda, ndoo imejaa uyoga.

"Tukirudi, Ginter, ukaguliwe," akamwambia. "Kwapani, nyuma ya magoti, kila mahali."

"Dada Trudka, mke wangu yuko hapa!"

"Ndiye ninayemwambia!"

Mjomba alikuwa na vipande vitatu tu vya uyoga kikapuni. Akanisogelea, akachomeka suruali yake vizuri ndani ya soksi, akaninong'oneza:

"Waache na hapa. Nina mahali pengine."

"Wapi, mjomba?"

Akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Huku na huku."