Kabla Moshi Haujaisha

Simu ya shemeji ilinikuta kwa kinyozi, nusu ya kichwa ikiwa imenyolewa. "Kaka yako ametutoka," alisema, akakata, maana alikuwa na watu wengi wa kuwapigia. Nilimwambia kinyozi aendelee. Haukuwa ujasiri, sikujua tu mtu aliyefiwa anafanya nini na nusu ya nywele. Ninyi mnaosoma ukurasa huu kila wiki mmeshazoea kunisikia nikijisema vibaya, kwa hiyo hamtashangaa nikikiri kwamba kilichonijia kwanza hakikuwa huzuni. Ilikuwa hofu, kama ya mtu aliyesikia mlango ukifungwa nyuma yake. Nilijiuliza: ajali ikitokea tena machimboni, sasa nani atanipigia?

Marehemu alikuwa mchapaji wa Nyahanga, hapa Kahama, na kabla ya hapo alikuwa mlipuaji baruti. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kushuka chini ya ardhi, kutia baruti kwenye matundu ya mwamba, kuwasha utambi, kutoka, kisha kusimama na kuhesabu milio. Ukitia matundu kumi na mawili unangoja milio kumi na miwili. Ukisikia kumi na mmoja, hata kama una shaka kidogo tu, haingii mtu. Mnangoja muda wote uliowekwa, moshi unaisha, kisha mlipuaji anatangulia peke yake kwenda kutafuta ule ulionyamaza. Alipopunguzwa kazi alinunua mashine ya kuchapa iliyokwisha kuwachosha wenyewe wa kwanza, akaanza kuchapa kadi za harusi, mitihani ya majaribio, kalenda za makanisa, vitabu vya nyimbo za kwaya na vijitabu vya kilimo cha mpunga. Mjini walimwita Subiri Moshi, na mtasikia kwa nini.

Nimezunguka sana kwenye vyumba vya wachapaji wa mikoa yetu hii, nikipeleka maandishi yangu ambayo wachapishaji wakubwa wa mbali waliyakataa, na sijapata kukutana na hata mmoja aliyesomea uchapaji. Kuna aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, ambaye hadi leo hutia alama nyekundu kwenye kadi yako ya mchango na kukuuliza kama ulikuwa unasikiliza darasani. Geita kuna mama aliyekuwa nesi wa wodi ya wazazi. Ukimpelekea flashi isiyofunguka anakuuliza tatizo lilianza lini, na kama ulishaipeleka kwingine kabla ya kuja kwake. Yupo pia karani wa zamani wa chama cha ushirika cha pamba, ambaye hupanga karatasi kama marobota. Nilikuwa nikiwacheka. Niliona wameingia kwenye ufundi wa watu kupitia dirishani. Mimi niliyepita mlangoni, mwenye shahada ya lugha iliyotundikwa sebuleni juu ya televisheni, ndiye niliyekuja kufanya kosa ambalo hakuna hata mmoja wao angelifanya.

Desturi ya marehemu ilikuwa hivi. Kazi ikishatoka mashineni, ikakunjwa na kubanwa pini, haitoki dukani. Anawatoa watu wote nje, wafanyakazi na wateja pamoja, anafunga mlango, anachukua nakala moja kutoka katikati ya rundo na kuisoma kama mtu ambaye hajawahi kuiona. Nusu saa. Ukigonga mlango anajibu kutoka ndani, "Moshi haujaisha!" Maharusi wamesimama juani wakimngoja. Wachungaji wamengoja. Mimi nilimngoja mara nyingi, nikiwa nimekaa kwenye benchi la fundi viatu wa jirani, nikimtania kwa sauti ili asikie.

"Kaka, kalenda hailipuki."

"Msomi," alijibu kutoka ndani, "na wewe ulishawahi kuona chenye kulipuka kikakuaga?"

Sasa nifike kwenye kijitabu. Umoja mmoja wa wachimbaji wadogo wa upande wa Geita ulitaka maelezo ya usalama wa baruti, yenye picha nyingi na maneno machache, kwa kuwa kwenye maduara (ndivyo wanavyoyaita mashimo yao) mmoja husoma na wengine husikiliza. Marehemu alitoa ujuzi, mimi nikatoa Kiswahili. Nakala mia mbili, jalada la njano, picha ya taa ya kichwani. Nilikipenda kile kijitabu kuliko maandishi yangu yote. Kwa sababu nilikipenda, nilimwambia tuondoe namba za kurasa. Nilisema zinaharibu picha. Alisita. Nikamwambia hivyo ndivyo vitabu vizuri vinavyofanywa siku hizi. Mtu akishasema "siku hizi" kwa lafudhi ya chuo kikuu, watu wema hunyamaza.

Kijitabu hutengenezwa kwa karatasi zinazokunjwa na kupachikwa moja ndani ya nyingine. Marundo hupangwa mezani kwa mfuatano, na wafanyakazi huzunguka meza wakiokota. Siku hiyo mfanyakazi mmoja alikuwa anaumwa, nikajitolea kupanga marundo. Mawili nikayabadilisha nafasi bila kujua. Hapakuwa na namba za kumwonya mtu yeyote. Jioni ilikuwa inakaribia, gari la wachimbaji lilikuwa nje likinguruma, na dereva alikuwa akilalamika kwamba ana safari ndefu. Marehemu akaanza kuwatoa watu ili afunge mlango. Nikamshika mkono. "Kaka, leo moshi haupo. Tumekiandika wenyewe, tunakijua kwa kichwa." Aliniangalia, akaliangalia gari, akacheka kidogo, akasema haya. Ndiyo mara pekee niliyowahi kumshinda kwenye mabishano.

Baada ya siku chache akaja dukani mzee mmoja, msimamizi wa duara, mtu aliyezeeka kwenye kazi ile, kofia mkononi. Mimi nilikuwapo. Alisalimia kwa heshima, akafungua kijitabu chetu. "Samahani wakubwa. Hapa mmesema tuwashe utambi, tutoke, tukae mbali. Vizuri. Nikifunua, mnasema turudi tutoe mawe. Nikifunua tena, tunawe mikono. Halafu ndipo mnasema tuhesabu milio na tungoje. Nimewaambia vijana wangu labda sheria imebadilika. Imebadilika lini?"

Hakuwa anatania. Hilo ndilo lililonitia baridi katikati ya mchana wa Kahama. Mtu huyu alikuwa amehesabu milio maisha yake yote, masikio yake yanajua kuliko mimi na shahada yangu, lakini alikuwa tayari kuyaweka kando kwa sababu kitabu kimesema. Marehemu alikaa chini pale pale sakafuni, kwenye vipande vya karatasi. Kisha akauliza swali moja tu: "Mmelipua?"

"Bado. Kesho."

Tuliondoka saa ile ile na yule mzee. Siku mbili nilikuwa naye, duara hadi duara, tukiomba vijitabu virudi. Mnaojua machimbo mnajua kwamba kitu cha bure kikishaingia mkononi hakitoki kirahisi.

"Mzee, cha bure unakirudisha?" mmoja alimpigia kelele kutoka kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, vumbi limemjaa hadi kwenye kope. "Basi na ule wali wa kwenye mkutano wa kugawa vitabu njoo uudai!"

"Wali kaa nao, ng'wanawane, mwanangu," marehemu alimjibu. "Kitabu nipe. Kina kosa, kitakuua."

"Kitaniua vipi nami sijui kusoma?"

"Atakusomea anayejua."

Kijana akaacha kucheka, akaenda kukitoa chini ya godoro. Mama mmoja muuza chapati alikuwa amekwisha kuchana kurasa za kufungia chapati, marehemu alichukua kilichobaki, akamwachia gazeti lake, akaniambia kwa sauti ya chini, "Kilichofungia chapati hakiui mtu, lakini nacho tukihesabu." Kila tulipofika alisimama mbele ya watu na kusema kosa ni lake. Alisema "mimi mchapaji". Hakunitazama. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma nikishika mfuko, na Mungu anisamehe, nilishukuru.

Siku ya tatu nilirudi mjini, nikasema nina safu ya kuandika. Yeye aliendelea peke yake. Aliporudi aliniambia vimepatikana mia moja tisini na tisa. Vipya vilivyopangwa sawasawa, vyenye namba kila ukurasa, kubwa na mbaya, vilikwisha kugawiwa. Kilibaki kimoja, mwenye nacho alikwenda kwenye rashi, yaani mbio za watu kufuata dhahabu mpya, iliyofumuka upande wa Chato, na rashi haina anwani.

Tangu hapo tukawa na simu zetu. Redio ikitangaza ajali ya mgodini, popote pale, simu yangu inalia kabla taarifa haijaisha.

"Umesikia?"

"Nimesikia, kaka."

"Baruti?"

"Wanasema kifusi. Mvua."

"Haya." Namsikia akivuta pumzi. "Haya, msomi. Msalimie shemeji yangu."

Tulikuwa tunasikia watu wamefukiwa na kifusi, nasi tunashusha pumzi. Mnaona hofu inavyoweza kumfanya mtu. Ilifika mahali nikawa nazima redio ikianza taarifa, kana kwamba ukiziba masikio utambi hauwaki.

Sikuwahi kuandika habari hii hapa. Nilikuwa na ukurasa mzima kila wiki, unaosomwa hadi kwenye vibanda vya machimboni, nao niliujaza na vichekesho kuhusu kitambi changu na mbuzi wa jirani. Nilijiambia kimebaki kimoja tu. Nani anatangaza gazetini kwa ajili ya kijitabu kimoja? Na jina langu lilikuwa kwenye jalada, kwa herufi nilizozichagua mwenyewe.

Tulipomaliza kuzika na watu wakaanza kutawanyika, shemeji aliniita ndani. Alikuwa amekalia mkeka, kitenge kimemfunika hadi kidevuni. Alinisogezea furushi lililofungwa kwa kamba ya katani.

"Shemeji, chukua hivi, ni vyenu. Unajua kila mwisho wa mwezi alikuwa anapanda basi kwenda machimboni? Nilijua ana mwanamke huko. Siku moja nikamfuata na bodaboda, nimejiandaa kwa vita. Nimemkuta amepiga magoti kwenye kibanda cha watu, anabembeleza apewe kitabu." Alicheka, kisha kicheko kikageuka. "Nikamuuliza, mbona humpeleki msomi wako? Akasema, mwache. Yule hawezi kubeba zaidi ya kimoja."

Sikuelewa hadi nilipofika nyumbani na kuligeuza furushi. Juu yake palikuwa na kipande cha boksi chenye namba za penseli, mwandiko wake ule wa kubana. Mia moja sabini na moja, imekatwa. Mia moja sabini na nne, imekatwa. Sabini na tano. Themanini. Namba zilipanda zikikatwa, moja baada ya nyingine, nyingine zikiachana kwa kijitabu kimoja tu, hadi ya mwisho ambayo haikukatwa: mia moja themanini na saba. Nilikaa mezani nikavihesabu mwenyewe, mara mbili. Mia moja themanini na saba, pamoja na kile kilichofungia chapati.

Kwa hiyo si kimoja. Ni kumi na vitatu. Miaka yote ile alipokuwa akiniuliza "Baruti?", mimi nilikuwa naogopa kwa ajili ya kimoja naye aliogopa kwa ajili ya vyote, akanigawia hofu kidogo kwa kipimo cha mabega yangu. Nimelia juu ya meza ile. Lakini kwa kuwa yeye alipenda kazi ikaguliwe, nami nitaikagua hii huruma yake: ilikuwa na kosa. Angeniambia ukweli, huenda aibu ingenishinda nikaandika. Alipunguza hesabu ili nilale, nami nikalala.

Waliosema mficha maradhi kifo humuumbua hawakusema kifo cha nani. Mimi nimeumbuliwa na cha mwenzangu, na ninaomba kisiongezeke kingine. Nilikuwa nikiwacheka wachapaji wetu kwa kubeba kazi zao za zamani hadi kwenye karatasi. Siku hizi kadi inatungwa na simu, inachapwa kabla chai haijapoa, na hakuna anayefungiwa nje. Ningependa kumwona mmoja anayeogopa. Yule nesi bado anaogopa, najua, kwa sababu aliwahi kushika kitu kisichorudiwa. Mwenye kalamu pia amekishika, ila hajawahi kusikia mlio wake.

Basi sikiliza, wewe uliye kwenye duara, au mwenye ndugu huko, Geita, Chato, Mbogwe au kokote rashi ilikokupeleka. Kijitabu kina jalada la njano na taa ya kichwani, hakina namba za kurasa, na kina jina langu. Kimepangwa vibaya, na aliyepanga ni mimi. Usikifuate. Ukishawasha na kutoka, hesabu milio kwanza; ukipungua hata mmoja, asiingie mtu; ngojeni muda wote hadi moshi uishe, na mlipuaji atangulie peke yake. Kirudishe kwenye lile duka la Nyahanga, mpe shemeji. Furushi nimelirudisha pale, na penseli ya kukatia namba imefungwa kwenye kamba yake. Mimi nitakuwa kwenye benchi la fundi viatu, redio ikiwa imewashwa.