Baba Sayari hajui kwamba sayari haipo

Admin, nifiche hata jina la chuo, maana hapa Voi tunajuana. Mimi ni dada wa miaka 27, mzaliwa wa Ronge, nimepanga Voi nikimalizia digrii ya pili ya mambo ya anga. Najua wengine mshaanza kucheka. Chekeni tu, baba yangu alichekwa kabla yangu.

Alipouza kipande cha shamba ili nisome, ndugu zake walimwambia, "Unauza ardhi msichana akahesabu nyota?" Akauza hivyo hivyo. Mwaka jana nikipekua data ya darubini kwenye laptop, nikakuta nyota mbili zinazojulikana kuwa zinazungukana, na mwanga wake wa pamoja unapungua kidogo kila baada ya siku chache, yaani kuna kitu kinapita mbele. Nikapiga hesabu, nikapata sayari kubwa ukubwa wa Jupita. Kwenye nyota pacha kama hizo, sayari hazipatikani ovyo. Msimamizi wangu alifurahi, lakini akaniambia niseme "huenda ni sayari" mpaka tuhakikishe. Nilisema huenda, jamani, naapa nilisema! Redio ikatangaza binti wa Taita amegundua sayari, ile "huenda" yangu ikaachwa studio.

Wueh! Baba siku hizi haitwi jina lake. Sokoni Mwatate, kanisani, kote ni "Baba Sayari, karibu kiti." Wale wale ndugu zake sasa ndio wanamtafuta awaamulie kesi zao. Mzee amenunua koti, anatembea kifua mbele. Sijamwona hivyo tangu mama afariki.

Sasa sikieni shida yangu. Ukiwa Voi usiku ukitazama mlima Sagalla, taa za nyumba mbili jirani utaziona kama taa moja. Darubini ile iliona hivyo hivyo. Nilidhani inayofunikwa ni ile nyota kubwa inayong'aa zaidi. Wiki iliyopita nikapata picha za darubini nyingine iliyozitenganisha, kumbe inayofunikwa ni ile ndogo iliyofifia! Na ili nyota dhaifu hivyo ipunguze mwanga wa pamoja kiasi kile, lazima ifunikwe karibu yote. Kinachoifunika ni kikubwa mno kuwa sayari, ni nyota nyingine tu. Nimerudia hesabu mpaka macho yanauma. Sayari haipo.

Msimamizi anasubiri majibu yangu Ijumaa atume ripoti, na picha hizo hajaziona. Nikinyamaza, ipo siku mtu atarudia kazi hii na nitaanikwa dunia nzima. Nikisema, Jumapili kanisa letu lina ibada ya shukrani kwa ajili yangu, ng'ombe ameshanunuliwa, na ndugu za baba wamealikwa kukaa mbele. Watamtafuna mzee wangu mzima mzima. Nimebanwa.

Jana mchana baba alishuka Voi kuniletea ndizi, akanikuta nalia mbele ya laptop.

"Mwanangu, mbona unakonda? Sayari yetu ina shida?"

"Haina, baba."

Mungu anisamehe, ilitoka tu. Akaketi kitandani, akavua koti akalikunja vizuri, akasema, "Basi nionyeshe iko upande gani, Jumapili wakiniuliza nisije nikawaonyesha kwingine."

Nikanyoosha kidole dirishani, jua likiwaka. Akasimama karibu yangu akatazama hapo muda mrefu, anatabasamu.

Ndugu zangu, nishaurini. Huyu mzee nitamwambiaje?