Tofi za Idi na Jina la Mama Furaha

Nakumbuka Ramadhani moja, mwanangu, miaka ile tulipokuwa bado wageni hapa Johannesburg, nami nikijiona si mgeni tena. Mume wangu alikuwa mwenyeji wa hapa. Aliishi kwetu Morogoro wakati wa ukimbizi wake, akanioa, na nchi yao ilipopata uhuru akarudi nami. Basi kwa kuwa nilijua kununua nyanya kwa Kizulu na kuvuka robot, taa za barabarani wanavyoziita hapa, bila kushikwa mkono, nikaona dunia yote nimeshaimaliza. Ujinga wa ujana huo, una maringo kuliko akili.

Pale mtaa wa Bertrams tulikuwa wanawake wachache wa Kiislamu tunaosema Kiswahili, Watanzania na Warundi, katika jengo moja la ghorofa. Kila Ramadhani tulichangishana, tukanunua tofi za chokoleti kwa jumla kule Fordsburg, tukawafungia watoto vifuko vya Idi. Watoto wetu walisoma na wenzao wenye Krismasi, na tulitaka nao wawe na siku yao ya kujivunia. Lakini chokoleti haijulikani kwa karatasi yake. Hujulikana ikivunjwa na ikionjwa, nasi tumefunga! Ndipo Bi Rukia, mkubwa wetu, mwanamke wa Tanga asiyependa upuuzi, alipoweka utaratibu kwamba mnunuzi aende na jirani Mkristo wa kumwonjea.

Mwaka ule mnunuzi nilikuwa mimi, na mwonjaji alikuwa Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu, msusi wa nywele, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Aliwaacha wateja wake siku nzima aje kutuonjea. Kwake lilikuwa jambo kubwa, maana alikuwa mgeni kweli, na kwetu ndiko alikopata watu wa kuzungumza nao.

Dukani nikaziona tofi zilizofungwa kwa karatasi ya dhahabu, zinang'aa hata macho yanauma. Mwenye duka, mzee wa Kihindi mwenye adabu zake, akafungua boksi, akavunja kipande, akakinyoosha kwetu. Mama Furaha akatoa mkono.

"Ngoja nionje, dada," akasema. "Chocolat ya muzuri inayeyuka mu kinywa. Ya mubaya inaganda kule juu."

Nikamrudisha mkono. "Acha bwana! Ninyi mmezoea bugali na sombe, kisamvu chenu hicho, chokoleti mtaijulia wapi? Mie naijua kwa macho."

Akaurudisha mkono wake, akaufuta kwenye kitenge ingawa haukuwa umeshika kitu. Nililiona hilo, na badala ya kuona haya nikajiona nimekua. Nililiona na jambo lingine. Kile kipande kilikuwa na weupe juu yake kama kimepakwa unga, ishara ya chokoleti iliyoyeyuka kwa joto ikaganda tena. Nikajiambia ni sukari. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii nilifundishwa kabla sijajua kusuka ukili, lakini siku ile haikunifaa kitu.

Asubuhi ya Idi, baada ya swala, watoto wakafungua vifuko vyao. Ile chokoleti ikawagandia kaakaani kama nta ya mshumaa, na tofi ya ndani ikakataa kutafunika. Mwanangu wa kwanza alitema kwenye kiganja akaniangalia. Mmoja wa watoto wa Kirundi akaanza kulia, kwa sababu alikuwa amewaahidi rafiki zake wa shule kuwapelekea. Bi Rukia akachukua moja, akaitafuna taratibu, akaitoa kwa ncha ya kanga.

"Nani aliyeonja hizi?" akauliza.

Mama Furaha alikuwepo. Tulimwalika, akaja na sinia la maandazi aliyoyapika alfajiri. Wanawake wote walinigeukia mimi, nami ulimi ukateleza kana kwamba ulikuwa unaingojea nafasi hiyo. "Alionja Mama Furaha," nikasema. "Mimi nilikuwa nimefunga."

Ona, mwanangu, nilivyouegemeza uongo kwenye funga yangu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na nilimtwika bila hata kuhema.

Nilidhani atapiga kelele. Aliniangalia kidogo, kisha akawageukia wenzangu. "Ba mama, munisamehe," akasema. "Njo miye nilionja."

Hakuna aliyemtukana. Mmoja tu alinong'ona kwamba Mkristo Idi yetu inamhusu nini, lakini kila mtu alisikia. Maandazi yake hayakuguswa. Alikaa mpaka mwisho kwa heshima, akalibeba sinia lake likiwa limejaa. Nikamfuata kwenye ngazi, sijui nikitaka kumwambia nini. Akanitangulia.

"Nimekubeba mbele ya batu, dada. Mbele ya Mungu utajibeba we mwenyewe."

Baada ya hapo wanawake wetu wakaacha kusuka kwake, mmoja mmoja. Mtu asiyejua kuonja tofi, walisema, vichwa vyetu atavijulia wapi? Maneno yaleyale niliyomwambia dukani, sasa nayasikia vinywani mwa watu. Nilikuwa na siku nyingi za kusema kweli, na kila siku niliisukumia kesho. Tulipokutana koridoni nilijifanya natafuta ufunguo.

Ramadhani iliyofuata, Bi Rukia alipouliza nani aende kuonja, nikashindwa kuvumilia. Nikayamwaga yote, nikilia. Bi Rukia hakufoka, na afadhali angefoka.

"Sisi umetuambia, tumesikia," alisema. "Lakini jina ulilolichafua si letu. Mwenyewe yuko wapi?"

Mwenyewe alikuwa amekwisha kuhama. Chumba kitupu, amekwenda na wanawe, na katika sisi sote hakuna aliyeagana naye. Nikasikia yuko Randburg. Nilizunguka saluni za huko, nikauliza kila Mkongo niliyekutana naye. Sikumpata, na sijampata hadi leo. Nikisikia Kiswahili cha Bukavu dukani, hugeuka, na uso unaniwaka kabla sijaona ni nani.

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu. Ukipewa mwenzako wa kukuonjea, mwache aonje, hata kama unamwona mshamba. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Na ukikosea, sema "ni mimi" saa hiyohiyo, mbele ya walewale, mkosewa akiwa bado amekaa pale, kwa maana watu huhama, na msamaha hauachwi kwa jirani kama ufunguo.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri, akupe majirani wema, na uliowakosea akuwekee karibu. Nawe ukiomba, niombee nimwone Mama Furaha kabla sijafa.