Baba aliulizwa ana ng'ombe wangapi, binti nusura akose chuo

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Mimi huwa napita tu, nasoma, nacheka, naondoka. Leo naomba nafasi nami niseme langu. Haya nimeyaona kwa macho yangu, na binti mwenyewe kanikubalia niyaandike mradi nibadilishe majina. Nimebadilisha. Mengine yote ni vile yalivyokuwa.

Niko Garsen. Nina cyber ndogo karibu na stage, kompyuta tatu, printa moja yenye kiburi na benchi la wateja kungojea. Kwetu ni Golbanti, Mpokomo wa mtoni kabisa, na kuuliza maswali sioni aibu. Mume wangu husema ningefaa kuwa polisi.

Sasa msimu wa fomu za chuo ndio raha yangu. Pesa naipata, sikatai, lakini zaidi napenda kujua watu wanapanga kulipa karo vipi. Ile fomu ya mkopo wa serikali inauliza mambo ambayo hata jirani hathubutu. Baba anafanya kazi gani, mama anapata nini, shamba liko wapi, mifugo ni mingapi. Nami ndiye ninayesoma maswali na kuandika majibu, kwa hiyo nachimba maisha ya watu bila kuitwa mbea.

Majibu ni ya kila aina.

Watu wa Kinakomba watakwambia ndizi na maembe. Ukiuliza kidogo tu unakuta maembe yameshauzwa yakiwa bado maua, na pesa ilishaliwa.

Wengine wana mjomba Mombasa. Yaani kila familia ya Tana River ina mjomba Mombasa, na akipigiwa simu hapo hapo cyber, hashiki.

Kuna mama nilimuuliza karo itatoka wapi akanijibu, "WhatsApp." Nikadhani hajaelewa swali. Kumbe kaelewa vizuri sana. Group ya ukoo imeshasomesha wanawe wawili, na admin ni yeye, na ukichelewa kutuma anakutaja jina mbele ya wote.

Haya, twende kwenye kisa chenyewe.

Habiba ni binti wa Kiorma, wafugaji wa huku kwetu, kamaliza form four na alama nzuri, akapata nafasi ya kusomea uuguzi. Alikuja na baba yake, nitamwita Mzee Barisa. Mamake nilikuwa namjua tayari maana ndiye aniuziaye maziwa kila asubuhi.

Tukajaza vizuri. Jina, kijiji, watoto wangapi. Tukafika kwenye mifugo.

"Mzee, mifugo yenu ni mingapi?"

"Iko."

"Sawa, lakini mingapi?"

"Iko nyingi. Andika nyingi."

"Mzee, hapa wanataka namba. Nikiandika nyingi kompyuta inakataa."

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa habari za chumbani kwake. Kwa wasiojua, mzee wa Kiorma humuulizi idadi ya ng'ombe. Ni sawa na kumwambia mtu atoe pochi ahesabu mbele za watu. Mimi hilo nalijua, nimekua nao, lakini fomu haijui.

Siku hiyo pale kwenye benchi walikuwa wamekaa wazee wawili wa kwao wanangoja fotokopi. Mzee Barisa akawaangalia, kisha akanigeukia.

"Andika mia mbili."

Nikaandika mia mbili. Nikamtupia Habiba jicho, nikamwona anakunja pindo la mtandio wake. Sikushtuka. Maziwa ya nyumba ile nayanywa kila siku, nikajua ng'ombe wako huko malishoni.

Majibu yakatoka. Wakuu, mnajua siku hizi inavyokwenda. Ukionekana hujiwezi unasaidiwa sana, ukionekana unajiweza unaachiwa mzigo wako. Habiba aliwekwa na watoto wa wanaojiweza. Mkopo ukawa mdogo sana, na fungu la kulipwa na familia likawa kubwa hivi kwamba nililisoma mara mbili nikidhani nimekosea mimi.

Alikuja peke yake siku hiyo. Akasoma, akasema, "Asante dada," akaenda zake.

Hapo udadisi ukaniwasha. Mwenye ng'ombe mia mbili si anauza kumi tu, binti anaenda chuo? Mbona uso umemshuka hivyo?

Siku chache baadaye nikamwona anatoka kwenye hoteli moja hapa mjini, zile za chai na mahamri. Nikamwita. Akaniambia ameomba kazi ya kuosha vyombo, na amekubaliwa, anaanza Jumatatu.

"Na chuo?"

"Sitaenda."

"Baba si auze ng'ombe?"

"Ng'ombe gani, dada? Ukame uliwamaliza. Baba aliwahamisha mpaka upande wa Nanighi kutafuta majani, akarudi peke yake."

"Na maziwa ninayokunywa mimi?"

"Ni ya watu. Mama ananunua kwa wenye ng'ombe huko ndani, anauza hapa, anabaki na kidogo."

Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile tulipokuwa tunajaza, na yeye alikuwa amekaa pale pale.

"Nimkatize baba mbele ya wazee wenzake? Na mbele yako?"

Hilo la "mbele yako" liliniuma. 

Nikamweleza kwamba appeal yake, yaani kuomba hali ya nyumbani iangaliwe upya, bado iko wazi hadi Ijumaa. Ila kunatakiwa barua ya chifu, na huyu chifu wetu haandiki barua kwa kuambiwa na mtoto. Mzazi aje mwenyewe, aseme hali yake kwa mdomo wake, na majirani wawili wathibitishe.

Habiba akatikisa kichwa. Akasema, "Acha tu, dada. Akisema hana ng'ombe atakaa wapi na wenzake? Mimi nitajaribu tena mwaka ujao."

Mwaka ujao. Nafasi ya uuguzi haimsubiri mtu, na yeye analijua hilo kuliko mimi. Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani. Mzee? Fomu? Ukame?

Kesho yake asubuhi mama yake akaleta maziwa. Mimi si wa kuingilia nyumba za watu, sawa, ni wa kuingilia. Nikamwambia kwamba binti yake anaanza kazi hotelini Jumatatu.

Akatua jeri-keni chini. "Nani kakwambia?"

"Yeye mwenyewe. Anasema afadhali aoshe vikombe kuliko baba yake aaibike kwa chifu."

 Akafunika maziwa yake, hata kuuza hajamaliza, akarudi nyumbani.

Alhamisi, ndio nimefungua tu, naona wote watatu mlangoni. Mzee hakutaka kukaa.

"Ile kitu ya appeal," akasema. "Wewe kuja. Eleza chifu maneno ya kompyuta."

Nikafunga cyber. Tuseme ukweli, hata asingeniomba ningejitafutia sababu ya kwenda.

Kwa chifu tukawakuta majirani wawili walioitwa, na ni wale wale wazee wa benchi. Mmoja nitamwita Mzee Omara. Habiba alipowaona nilidhani atageuza njia. Chifu akauliza kwa Kiswahili ili sote tuelewe, hali ya mzee ikoje, mbona hapa pameandikwa mia mbili.

 Mzee Barisa alikuwa ameishika fimbo yake kwa mikono miwili.

Kisha akasema, "Mimi ng'ombe yangu imekufa. Yote. Hata moja sina. Ile maziwa mama Habiba anauza ni ya watu. Mtoto amepata chuo, mimi nikadanganya kompyuta."

Hilo la kudanganya kompyuta siku nyingine ningecheka. Hapo hakuna aliyecheka. Habiba machozi yalikuwa yanamtoka wala hayafuti, na mama yake alikuwa anatazama nje dirishani.

Chifu akawageukia majirani, ni kweli? Mzee Omara akasafisha koo, akasema kitu kwa Kiorma. Kirefu. Yule mwenzake akainamisha kichwa.

Nikamgusa Habiba. "Amesemaje?"

Akanong'ona, "Anasema na ng'ombe wake wamekufa pia. Anasema kila jioni wanakaa na baba, baba anamwambia habari za malisho, na yeye anamjibu za kwake, na wote wawili hawana kitu."



Mzee Barisa alimgeukia mwenzake akamtazama muda.  Akasogea tu kwenye benchi la pale kwa chifu, Omara akaja akakaa karibu naye, na wakabaki hivyo mpaka barua ikaandikwa.

Appeal ilikubaliwa. Haikuwa bure, msije mkadhani. Fungu la familia lilipungua likawa la kubebeka, na linabebwa na yale maziwa ya watu pamoja na jamaa zao, ambao kumbe muda wote walikuwa tayari kusaidia ila hakuna aliyekuwa na habari kuna shida. Utamchangiaje mwenye ng'ombe mia mbili?

Habiba yuko chuoni sasa hivi ninavyoandika. Juzi kanitumia picha amevaa ile sare, kaikunja mikono maana ni kubwa.

Baada ya hapo Mzee Omara alikuja cyber na mwanawe. Watu wamejaa benchi. Nilipofika kwenye mifugo nikashusha sauti, nikamsogelea kabisa nimuulize sikioni. Akanikatiza.

"Uliza na sauti. Hao wote ni ya kwetu."

Nikauliza kwa sauti. Akajibu kwa sauti, hana. Sekunde kidogo hivi, baba mmoja pale benchini, ambaye mwezi uliopita nilimwandikia namba nzuri tu ya ng'ombe kwa mkono wangu, akainuka akaja mezani kwangu akaniuliza kama ile appeal bado inapokewa.

Nilichojifunza mimi ni kidogo. Tunapopanga karo huwa tunaanza na tulicho nacho, shamba, mjomba, ng'ombe. Nyumba nyingi zinakwama kwenye kile ambacho hakipo na hakuna anayekisema, na mtoto anayejua ndiye anayenyamaza zaidi, kwa heshima. Wazazi wenzangu, muulizeni mtoto anajua nini kabla hamjakaa mbele ya mtu wa cyber. Sisi tunaandika tunachoambiwa.

Naona kuna watu humu wa Turkana, wa Kisii, wa Kitui, hadi wa Nairobi. Nataka kujua kweli, si kwa ubaya. Huko kwenu ni kitu gani ambacho baba hawezi kusema mbele ya watu kwamba hana?