Kiganja cha Bibi Kifuani

Juzi nilikwenda zahanati Msambweni, dada yangu mkubwa akanisindikiza. Muuguzi akanibandika kile chombo chake kifuani, akakunja uso.

"Babu, mapigo ya moyo yaenda mbio. Kuna nini?"

"Mjukuu wangu, huo ndio mwendo wake tangu utotoni. Hata ukiniuliza jina langu, utadhani nimeliiba."

Basi rafiki yangu, shule mimi niliiacha njiani, lakini hayo mapigo nilifunzwa na bibi, kwetu Kinondo, miaka ya hamsini, Mwingereza angali anatawala. Kitu kikipotea nyumbani, bibi hakuuliza mtu. Alituita ukumbini, akaweka kiganja kifuani kwa kila mmoja, kiganja kinanuka vitunguu na moshi wa makumbi ya nazi, akafumba macho.

"Mwajua kwa nini yaitwa mapigo?" alikuwa akisema. "Moyo humpiga mwenyewe kabla mimi sijampiga."

Siku moja ya maulidi alipika mkate wa sinia, makaa chini, makaa juu, iliki yanukia hadi kisimani. Kuja kufunua, upande umemegwa!

"Mwizi hendi maulidi," akasema.

Na mimi nina kanzu mpya, hata sijaivaa! Wallahi mkate sikuugusa. Ila nilikuwa nimeunusa sana, nikaanza kujishuku mwenyewe: pengine kunusa nako ni kula.

Dada akapimwa kwanza. Kimya, kama maji ya mtungini. Kiganja kikaja kwangu, moyo ukadunda kama ngoma ya harusi.

"Ndiye huyu!"

"Si mimi, bibi!"

"Mbona moyo watwanga?"

"Naogopa!"

"Asiye na lake haogopi."

"Pole, mdogo wangu," akasema dada, akapangusa mdomo.

Wakaenda maulidini. Mimi nikavaa kanzu yangu, nikatembea uani, kuku wakinitazama, matari yasikika kwa mbali. Tangu siku ile sijaamini mtu mtulivu.

Sasa bibi hayuko. Ukumbi ule umevunjwa, na mkate siku hizi wanunuliwa dukani, hauna harufu ya kumponza mtu. Ningekipata tena kile kiganja, hata kwa kusingiziwa, ningekaa kitako kipimwe kifua changu mpaka jua litue.

Basi pale zahanati muuguzi akamgeukia dada, akasikiliza na moyo wake.

"Mashallah, bibi! Wako umetulia kama wa kijana."

Dada akanitazama, akatabasamu, akapangusa mdomo.