Beji ya Déo

Asubuhi ile, kabla mambo hayajaharibika, kaka yangu Déo alikuwa akinywa chai na kunicheka. Pini ya beji ya bereti yake ya kijeshi, ile yenye kichwa cha chui, ilikuwa imevunjika. Mimi, fundi vito wa wiki tatu, nikailehemea nyingine ya waya wa shaba niliouchomoa kwenye redio mbovu. Ilikaa upande.

"Chui yako iko analala, mudogo," akasema.

Siku mbili baadaye risasi zilianza kulia. Déo alikuja mbio, akaacha mfuko wake nyumbani, akateremka ziwani mbele ya macho yangu, ambako askari wenzake walikuwa wakigombania mitumbwi.

Hatukumwona tena.

Kesho yake wapiganaji waliouteka mji wakapekua nyumba kwa nyumba. Jirani yetu walimkuta na koti la jeshi.

Walimuua mlangoni kwake.

Niliubeba mfuko wa Déo, nikaufunga jiwe, nikauzamisha ziwani, palepale alipoteremkia. Sikuufungua. Nakiri niliogopa mno, na baadaye niliona aibu, kwa hiyo sikumwambia hata maman. Kila mwaka, tunapoandikisha nia za misa parokiani, yeye huniagiza nimwandike Déo kwa wasafiri, siyo kwa marehemu.

Mwaka huu Papa Bisimwa, mpiga mbizi anayetafuta mali zilizozama ufukoni petu, chini ya mtaa wa Ibanda, aliniletea karakanani kopo la vyuma nimchambulie.

"Papa Mugisho, angalia kama muko ata kazahabu kamoya."

Dhahabu haikuwamo. Mlikuwa na vifungo, nyota za cheo, na kitu chenye kutu ya kijani. Nilikisugua kwa ndimu na majivu, chui akatokea. Nikakigeuza. Pini ya shaba, imekaa upande.

"Ulikuta na mufuko?" nikamuuliza.

"Mufuko inaozaka, papa. Ni matope tu."

Nilichanganyikiwa, na mpaka leo sijatulia. Kama beji ilikuwa ndani ya ule mfuko, niliitupa mwenyewe, na huenda Déo alivuka. Kama ilikuwa kwenye bereti kichwani mwake, basi alizama palepale. Najaribu kumwona akiteremka ziwani. Siku nyingine namwona amevaa bereti. Siku nyingine yuko kichwa wazi, na yote mawili nayaamini.

Nilimpelekea maman beji, nikamweleza na habari ya mfuko. Nilitegemea atanigombeza. Aliipapasa ile pini kwa kidole gumba.

"Ilikuwa mu mufuko?"

"Sijue, maman."



"Basi andika ye kwa wasafiri. Siku utakumbuka kama alivaa bereti, utaniambia."

Jumapili nikamwandika kwa wasafiri. Maman sasa amezeeka sana, hatoki nje bila kushikwa mkono. Lakini kila asubuhi nikiingia chumbani kwake, hunitazama usoni kwanza, ndipo anaitikia salamu yangu.