Magazeti Niliyopeleka Kisegi

Katikati ya miaka ya tisini, mara tu nilipotoka chuoni, nilianzisha darasa la ngumbaru Kisegi, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa. Nilikuwa nimelelewa Awendo, mbali na ziwa, na baba aliyefanya kazi kiwandani, akirudi na siasa midomoni kila jioni. Chuoni nikapata wenzangu wa namna hiyo hiyo. Tulibishana juu ya vyama vingi mpaka chai ikapoa. Sikuwahi kukutana na mtu asiyevutiwa na habari hizo, kwa hiyo niliamini hayupo. Nikabeba magazeti, nikayafanya vitabu vya kusomea.

Walikuja wanawake kumi na wawili. Mmoja wao, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, ambaye mumewe alivua kisiwani Remba, alitaka jambo moja: kujisomea barua za mumewe. Mpaka hapo aliyemsomea alikuwa shemeji yake.

“Hata maneno ya kitandani, mwalimu, yanapita kwake kwanza,” alisema, na wenzake wakacheka.

Nilicheka pia, kisha nikamfundisha kuandika “uchaguzi”.

Wiki mbili walijaa. Wiki mbili zilizofuata walikuja watatu. Wakarudi, wakapotea tena. Nilikasirika, nikawahutubia hao watatu juu ya uvivu na katiba kwa pumzi moja. Walinisikiliza kwa adabu iliyoniudhi zaidi. Afisa wa elimu ya watu wazima alipokuja kukagua, aliwakuta hao watatu, akalifunga darasa.

Alasiri hiyo niliteremka ufukweni. Wanafunzi wangu wengine wote walikuwa huko, wakigeuza omena walioanikwa juu ya nyavu kuukuu.

“Kama somo liliwachosha, mngesema,” nilimwambia yule mwanamke wa barua.

“Nani amechoka, nyar Awendo?” Ndivyo walivyoniita, binti wa Awendo. “Hizi ni siku za giza. Omena huvuliwa kwa taa, usiku usio na mwezi. Mwezi ukiwaka mashua zinalala, nasi tunakuja kwako.”

“Mbona hamkuniambia?”

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. “Kuna mtu asiyejua habari za mwezi?”

Sikuweza kumkasirikia. Miezi yote hiyo nami niliwafundisha kana kwamba hakuna asiyejali habari za vyama.

Nilimwandikia afisa mara tatu, nikimweleza ratiba ya mwezi. Hakujibu. Baada ya majuma machache nilimkuta mwanamke yule nje ya duka, amesimama mbele ya shemeji yake aliyeshika barua. Shemeji alisoma kimyakimya, akacheka, akageuza ukurasa. Mwanamke alikuwa bado anangoja kuambiwa.